Kusoma Sana na Kukumbuka Kidogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zangu mlioketi nyuma kule, mahali ambapo hata sisi tulipenda kuketi:

Nilipoletewa barua ya kunitaka niseme neno leo, niliambiwa nichague habari yoyote itakayowafaa wanafunzi. Katibu alinidokeza kwamba msemaji wa mwaka jana alizungumzia nidhamu, na yule aliyemtangulia naye alizungumzia nidhamu. Kwa hiyo nidhamu nimeiacha. Nataka kusema juu ya jambo moja tu: inakuwaje mwanafunzi asome kwa bidii usiku na mchana, kisha aingie katika chumba cha mtihani akute kichwani hamna kitu? Na afanye nini ili yasimkute hayo?

Jambo hili nalijua kwa pande mbili. Liliwahi kunipata nikiwa mwanafunzi, na baadaye nikalitazama likiwapata wengine kwa muda wa miaka zaidi ya 30 nikiwa mwalimu.

Mwaka 1979 nilikuwa Kidato cha Nne. Hakuna aliyeweza kuniita mvivu. Madaftari yangu yalikuwa safi, vichwa vya habari nimevipigia mistari kwa wino mwekundu, na kila daftari nilikuwa nimelisoma tangu jalada hadi jalada mara nne au tano. Siku ya mtihani wa Historia likaja swali juu ya sababu za Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Nikafurahi, maana habari ile niliijua. Nikafumba macho, na kweli ukurasa nikauona. Niliona kwamba habari yenyewe ilikuwa upande wa kushoto, chini kidogo, na kwamba pale pembeni paliwahi kudondokewa na chai. Doa la chai nililiona. Maneno sikuyaona. Niliandika sababu sita katika daftari lile kwa mkono wangu mwenyewe, na katika chumba cha mtihani nilikumbuka mbili.

Mimi nilipona, kwa sababu masomo mengine yaliniokoa. Lakini yuko mwenzetu aliyelala kitanda cha chini yangu ambaye hakupona. Jina lake silitaji. Kijana yule alikuwa na bidii kuliko mimi. Taa zikizimwa alikuwa akienda darasani na beseni la maji baridi, anatumbukiza miguu ili asisinzie, anasoma hadi jogoo la kwanza. Baadhi yenu mlioko hapa mbele mnamkumbuka, naona mnatabasamu. Matokeo yalipotoka alikuwa ameshindwa. Nilionana naye kituo cha basi, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ndugu yangu, kichwa changu hakishiki. Mungu hakunipa." Akaenda zake kwao akiamini hivyo.

Miaka mingi baadaye nilipita katika mji wake nikamkuta ana duka la nafaka. Nilikaa pale dukani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kila mteja aliyeingia, yeye alimwambia anadaiwa kiasi gani, alichukua nini, na siku gani. Watu kwa makumi! Daftari la madeni analo, lakini hulifungua baada ya kutaja, ili ahakikishe tu. Nikamwuliza, je, hiki ndicho kile kichwa kisichoshika? Akacheka, akasema, "Ah, haya siyo masomo."

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja kusema kwamba haya ndiyo masomo. Kichwa ni kile kile. Tofauti ni kwamba dukani alikuwa anaulizwa kila siku, naye anajibu kwanza ndipo atazame daftari. Shuleni hakuna aliyemwuliza kitu mpaka siku ya mtihani. Usiku kucha alikuwa anatazama daftari.

Hebu nieleze waliyoyagundua wataalamu, halafu nitarudi kwenye mabweni yetu.

Alikuwako mtaalamu mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu mwaka 1885. Mtu huyu alijifanya mwenyewe kuwa mwanafunzi na msahihishaji. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa mafungu mpaka azitamke bila kosa, kisha akaziacha. Baada ya muda alizikariri upya, akapima ni kiasi gani cha kazi ya mwanzo kilichookolewa. Baada ya saa 1 alikuta amebakiwa na asilimia 44 tu ya faida ya kazi yake. Baada ya siku 1, asilimia 34. Baada ya siku 6, asilimia 25. Baada ya siku 31, asilimia 21. Mwaka 2015 watafiti wa Amsterdam walilirudia jaribio lile lile na kupata matokeo yaliyofanana sana na yake.

Sasa angalieni tarakimu hizo vizuri, maana wengi huzisikia wakakata tamaa. Zinatuambia mambo mawili. La kwanza, kusahau kwingi hutokea mapema, saa ile ile na siku ile ile, wala si polepole kwa mwaka mzima. La pili, anayesahau si mjinga. Mtaalamu mzima alisahau zaidi ya nusu kwa saa moja! Ni kweli kwamba zile zilikuwa silabi tupu, na habari yenye maana haipotei haraka namna hiyo. Hata hivyo mwendo wake ni ule ule: huporomoka mwanzo, kisha hutulia.

Jaribio la pili ndilo ninalotaka mlishike zaidi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa taarifa ya kazi waliyoifanya na wanafunzi wa chuo hicho. Waliwapa habari fupi za kusoma, mojawapo juu ya jua, nyingine juu ya fisi maji. Kundi moja walipewa vipindi vinne vya kuisoma habari ile, wakairudia jumla ya mara 14 hivi. Kundi jingine walipewa kipindi kimoja tu cha kusoma, wakaisoma mara tatu au nne, kisha wakanyang'anywa karatasi. Katika vipindi vitatu vilivyobaki waliambiwa waandike kila wanachokikumbuka, bila kuonyeshwa majibu.

Baada ya dakika 5 walipimwa. Waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 83, na waliojihoji asilimia 71. Kama mambo yangeishia hapo, bwana wa beseni angekuwa ameshinda. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki 1. Waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 40. Waliojihoji, ambao karatasi waliigusa mara chache tu, walikumbuka asilimia 61.

Na liko jambo katika taarifa ile ambalo mimi naliona kubwa kuliko tarakimu. Wanafunzi waliulizwa mapema kila mmoja anadhani atakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Wale waliosoma tu ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi. Waliojihoji walikuwa na wasiwasi. Mnaona? Yule aliyekuwa na hakika ndiye aliyesahau.

Hapa ndipo tunapodanganyika, wadogo zangu. Ukisoma ukurasa kwa mara ya tano, macho yanateleza bila kukwama. Kila sentensi unaitambua. Unajisemea, "Hii naijua." Lakini kutambua si kukumbuka. Uso wa mtu unaweza kuutambua sokoni na jina lake usilijue kabisa. Katika mtihani hakuna atakayekuonyesha uso na kukuuliza kama unautambua. Mtahini anataka jina.

Mtu aliyepelekwa shambani kwa shangazi yake mara kumi, akiwa amepakiwa nyuma ya lori, hajui njia. Aliyekwenda kwa miguu mara mbili, akapotea njia panda, akarudi, akauliza, huyo anaijua. Kusoma tena na tena ni kupakiwa kwenye lori. Kufunga daftari na kujiuliza ni kwenda kwa miguu. Kunachosha, kunaudhi, na mtu hujiona hajui kitu. Lakini kule kukwama na kukuna kichwa ndiko kunakofanya kazi. Basi ukikwama usikimbilie kufungua daftari. Kaa kidogo. Tafuta. Ukishindwa kabisa, fungua, tazama, funga tena, kisha sema.

Mnaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na maabara zao. La hasha. Nani hapa hakucheza vitendawili utotoni? Mmoja husema, "Kitendawili!" Mnajibu, "Tega!" Anatega, na kila mtu anatafuta jibu kichwani mwake. Hakuna daftari. Mkishindwa hamwambiwi bure, bali hudaiwa mji, naye aliyetega hutaja mji autakao, akapewa, ndipo atoe jibu. Jibu ulilolinunua kwa mji hulisahau kwa urahisi? Babu zetu hawakuandika taarifa, lakini mchezo ule ni kuhojiana kutupu.

Na wenzetu waliopitia chuoni, huko pwani na kwingineko, wanajua jinsi Kurani inavyohifadhiwa. Mtoto husoma kipande chake, kisha hukisoma mbele ya mwalimu kwa moyo, bila kutazama. Akikosea anarudishwa. Na hata aliyekwisha kuhifadhi juzuu zote 30 haachi kuzirudia, maana anajua akiacha zitamtoka. Lugha yetu yenyewe inatofautisha: kukariri ni kurudiarudia, na kuhifadhi ni kuweka kitu kisipotee. Wengi wetu shuleni tunakariri, hatuhifadhi.

Sasa, hayo yafanyike vipi hapa shuleni? Nitaeleza nilivyowazoesha wanafunzi wangu, nanyi mchague kinachowafaa.

Tuseme leo mmefundishwa habari za moyo katika Biolojia. Jioni, wakati wa kujisomea, usianze kwa kufungua daftari. Chukua karatasi tupu. Nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani hapana maandishi, zinafaa sana. Chora moyo kwa kumbukumbu yako, hata kama utafanana na embe. Weka vyumba vinne. Fuatisha damu: inaingia chumba cha juu cha kulia ikitoka mwilini, inashuka chumba cha chini cha kulia, inakwenda mapafuni, inarudi chumba cha juu cha kushoto, inashuka, inasukumwa mwilini. Utasahau kitu, hapana budi. Ukimaliza fungua daftari, na ulichosahau kiandike kwa wino wa rangi nyingine. Hiyo rangi nyingine ndiyo itakayokuonyesha udhaifu wako. Kesho kutwa chora tena kwenye karatasi nyingine tupu, uone kama rangi ile imepungua. Kazi yote ni dakika 10.

Kisha jiulize kwa nini. Kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kwa sababu wa kulia husukuma damu mapafuni tu, hapo jirani, na wa kushoto huisukuma mpaka kwenye vidole vya miguu. Aliyejiuliza hivyo hana haja ya kukariri upande upi ni mnene. Atakifikia mwenyewe kwa akili.

Hapa nigusie suala la lugha. Masomo mengi ya sekondari hapa kwetu Tanzania husomwa kwa Kiingereza, na mtihani hujibiwa kwa Kiingereza. Hilo linajulikana, wala sikuja kulijadili. Lakini kuna hatari ndani yake. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeweza kunitamkia maana ya osmosisi kwa Kiingereza bila kukosea hata kituo. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Kwa nini kachumbari ikitiwa chumvi huchuruzika maji?" Akaniangalia kama niliyeingia darasa lisilo langu. Alikuwa amehifadhi sauti, hakuhifadhi habari. Ushauri wangu ni huu: kila somo lieleze kwanza kwa Kiswahili, au hata kwa lugha ya nyumbani, kwa maneno ambayo mdogo wako angeyaelewa. Ukiweza hivyo, ndipo ulieleze kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho utakachotakiwa kuandika. Anayeruka hatua ya kwanza anajenga nyumba kuanzia paa. Mimi tangu siku ile nilifundisha osmosisi kwa kachumbari, na wako watu wazima, akina baba na akina mama, ambao hunikumbusha habari hiyo tukikutana harusini penye sahani.

Sasa niseme juu ya ratiba. Msirundike somo moja siku moja. Saa nne za Jiografia katika usiku mmoja hazifikii saa moja moja kwa siku nne zilizoachana, ijapokuwa jumla ni ile ile. Hili nalo limepimwa mara nyingi tangu wakati wa Ebbinghaus. Somo la Jumatatu jihoji Jumatatu jioni, kisha Jumatano, kisha Jumatatu inayofuata, kisha baada ya mwezi. Kila unaporudi utakuta umesahau kiasi, nawe utaona uvivu, utatamani kuliacha mpaka mtihani ukaribie. Hapo ndipo penye faida, kwani kukumbuka kitu kilichoanza kutoroka ndiko kunakokifunga kamba. Na kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo unavyoweza kuachanisha siku zaidi.

Wenye masomo yenye majina na tarehe nyingi wanaweza kutumia sanduku. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alilieleza katika kitabu cha Kijerumani mwaka 1972, na halihitaji fedha. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitatu au vinne. Kata vipande vya karatasi ngumu, swali mbele, jibu nyuma. Vyote vianzie chumba cha kwanza, ambacho unakipitia kila siku. Ukipata jibu, kipande kinahamia chumba cha pili, kinachopitiwa baada ya siku chache. Ukipata tena kinaendelea mbele, ambako kinapitiwa kwa wiki. Ukikosa, hata kama kilifika chumba cha mwisho, kinarudi cha kwanza. Faida yake ni kwamba hupotezi muda kwa yale unayoyajua. Sisi binadamu tunapenda kujihoji tunayoyajua, kwa sababu yanatupa sifa.

Hisabati nayo ina ugonjwa wake. Vitabu vingi huweka mwisho wa sura maswali 20 ya namna moja. Mwanafunzi akifika swali la tatu amekwisha kuacha kufikiri. Anajua kanuni itakayotumika kabla hajasoma swali, maana ni ile ile ya swali la pili. Katika mtihani maswali yamechanganywa, wala hakuna anayekunong'oneza kwamba hili ni la mraba na hili la duara. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor, wa Marekani, walilinganisha wanafunzi waliofanya mazoezi ya namna moja moja na waliofanya ya kuchanganya. Wakati wa mazoezi wa namna moja walipata asilimia 89, na wa kuchanganya asilimia 60. Walipopimwa wiki 1 baadaye, wa namna moja walianguka hadi asilimia 20. Wa kuchanganya walipata 63. Kwa hiyo, wadogo zangu, andikeni maswali ya sura mbalimbali katika vikaratasi, yachanganyeni kama karata, mchukue moja moja. Mtakosa sana mwanzoni. Koseni. Afadhali kukosa bwenini.

Kuhusu kupigia mistari kwa kalamu za rangi, ambako nimeona kumeshamiri siku hizi kuliko zamani zetu: mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizikagua njia 10 za kujisomea. Kujihoji na kuachanisha siku ndizo zilizopewa daraja la juu. Kupigia mistari, kusoma upya, na kuandika muhtasari kwa jinsi wanafunzi wengi wanavyoufanya zilipewa daraja la chini. Rangi zinapendeza, sikatai. Madaftari yangu ya mwaka 1979 yalipendeza mno.

Usingizi nitaupitia upesi. Tangu mwaka 1924 watafiti walipima wanafunzi wawili na kuona kwamba waliyojifunza kabla ya kulala hayakuwapotea kama waliyojifunza kabla ya kushinda macho muda ule ule, na tangu hapo yamegunduliwa mengi yanayokubaliana na hayo. Kukesha kunaweza kukuvusha mtihani wa kesho asubuhi, siwadanganyi. Lakini mtihani wa Kidato cha Nne hauulizi ya jana tu, unauliza ya miaka minne. Beseni lirudini bafuni.

Na umeme ukikatika, msikae mkilalamika. Kujihoji hakuhitaji taa. Nilikuwa na wanafunzi wawili waliokuwa wakiulizana Kemia gizani, kila mmoja kitandani kwake, mpaka kiranja anawanyamazisha. Mkienda kuchota maji, mkifagia uwanja, mkiwa njiani kwenda nyumbani likizo, tegeaneni. Atakayeshindwa atoe mji. Mimi nimesikia Bukoba na Lindi zikitolewa kwa ajili ya jedwali la elementi, na mwenye kuzitoa hakuyasahau yale majibu.

Ndugu Mkuu wa Shule, naomba radhi sasa niseme neno na walimu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka yangu 9 ya kwanza nilikuwa mwalimu wa kuandika ubaoni. Nilijaza ubao, wakanakili, nikafuta, nikajaza tena. Kengele ikilia nilijiona nimefundisha. Nilipowapa jaribio wakashindwa niliwaita wavivu. Nasikitika kwa hilo, maana najua wako niliowapeleka nyumbani wakiamini kwamba vichwa vyao havishiki, kama yule mwenzangu wa kitanda cha chini. Baadaye, kwa kusaidiwa na mwalimu mwenzangu aliyenizidi umri, nilibadili jambo moja dogo: kila kipindi kilianza kwa maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita, na moja la mwezi uliopita. Bila alama, bila fimbo. Wanaandika, tunasahihisha, tunaendelea. Dakika 5. Mara ya kwanza lile la mwezi uliopita halikujibiwa hata na mmoja, nami nikatambua kwamba nilichokuwa nikikiita kufundisha kilikuwa kinafutika pamoja na ubao.

Sikusema alama zisitolewe kabisa, wala kwamba kila mtoto atapata daraja la kwanza kwa kuchora mioyo kwenye karatasi tupu. Liko suala la vitabu, la njaa, la madarasa yaliyojaa, na wazee wenzangu mkichanga leo kwa ajili ya maktaba mtakuwa mmefanya kazi ambayo maneno yangu hayawezi kuifanya. Lakini mwanafunzi asiende kituo cha basi na kusema Mungu hakumpa, kabla hajajaribu kulifunga daftari.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta karatasi, zinapitishwa sasa. Wazee wa mbele nanyi mchukue, msizipitishe tu kwa watoto. Wanaoandika maneno yangu wafunge madaftari. Andikeni mambo matatu: Mjerumani yule alibakiwa na asilimia ngapi baada ya siku 31, waliosoma mara 14 walikumbuka asilimia ngapi baada ya wiki, na kwa nini ukuta wa chini wa kushoto wa moyo ni mnene. Mnazo dakika 5. Hapana kutazamiana, Ndugu Katibu.